Mabano ya Bibi

Nilipopanda ndege kwenda Muscat likizo ndefu iliyopita, nilibeba mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa begi lenye karafuu, khanga doti nne na achari ya maembe iliyofungwa kwa mifuko mitatu ili isivuje. Wa pili ulikuwa neno la mama. Aliniambia usiku wa kuamkia safari, tukiwa tumekaa barazani kwetu Tanga: "Ukifika kwa bibi yako, mwangalie ametulia, umuulize habari ya ile nyumba. Babu yenu ana miaka miwili kaburini na hakuna aliyesema neno. Sisi huku tuna shida zetu. Muulize, lakini usimuudhi."

Achari niliikabidhi siku ile ile niliyofika. Neno la mama nilikaa nalo wiki tatu.

Sababu ya safari iliyotajwa mbele za watu ilikuwa nyingine. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa ameanguka mtihani wa hisabati wa mwaka wa maandalizi kabla ya kuingia chuo kikuu. Angerudia mwezi wa tisa. Mama mdogo alisikia kwamba mimi nilipata alama nzuri za hesabu shuleni, akampigia mama simu, na safari ikapatikana. Hakuna aliyejali kwamba mimi chuoni nasoma Kiswahili.

Kwa wasiopajua, Qurayyat ni mji wa wavuvi kusini mashariki mwa Muscat, mwendo wa kama saa moja kwa gari kati ya milima mikavu. Wareno waliushambulia mwaka 1507, Albuquerque alipokuwa akiteremkia bandari za pwani ya Omani. Leo una ngome yake katikati ya mji, mnara juu ya mwamba bandarini, mashua nyingi na joto. Mwezi Juni 2018 habari zilienea duniani kwamba kwa siku nzima, usiku ukiwemo, joto la Qurayyat halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Kwa hiyo mchana hatoki mtu. Darasa letu lilikuwa baada ya alasiri, chumba cha bibi, chini ya kiyoyozi, yeye akiwa kwenye mkeka wake anachagua mchele, sisi tumelala kifudifudi na madaftari.

Nyumba ile huzungumzwa Kiswahili. Bibi na babu walihamia Omani miaka ya 80 na watoto wadogo, wakamwacha mama yangu, kifungua mimba, ambaye alikuwa ameshaolewa Tanga. Mama mdogo alisoma shule za huko kwa Kiarabu. Kwake namba isiyojulikana si x bali ni herufi sini. Mdogo wangu naye kasoma shule kwa Kiarabu, chuoni anafundishwa kwa Kiingereza, na akiota ndoto mbaya huita watu kwa Kiswahili. Siku ya kwanza aliniambia jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku hiyo: "Dada, kwa Kiarabu nazijua kanuni. Kwa Kiingereza nayajua maneno ya mtihani. Lakini sijui ndani yake kunatokea nini."

Nikamwambia basi tutafanya kwa Kiswahili. Nilijiona mjuzi. Nilimwandikia istilahi zangu za shule ya msingi: namba ya juu ya sehemu ni kiasi, ya chini ni asili, na ukitaka kujumlisha tafuta kigawe kidogo cha shirika. Alipofika kwenye "asili" akacheka. "Asili? Kama wanavyoniuliza mimi wakinisikia naongea Kiswahili sokoni, asili yako wapi?" Nikasema ndiyo, asili hiyo hiyo. Sehemu mbili zisizo na asili moja hazijumlishiki mpaka uzitafutie asili inayozichukua zote mbili.

Alikubali kwa kichwa, kisha akaandika 1/2 + 1/3 = 2/5.

Nilikuwa karibu kumwambia "kosa, rudia", kama tulivyoambiwa sisi. Bibi akaniwahi. Hakuinua macho kwenye ungo. "Ulikuwa na nusu ya mkate, ukaongezewa thuluthi. Sasa una ngapi?" Mdogo wangu akasema humusi mbili, maana majina hayo ya Kiarabu anayajua: thuluthi, robo, humusi, sudusi. "Humusi mbili ni nyingi kuliko nusu?" Kimya. Ni chache. Ameongezewa, akapungukiwa.

Hapo bibi akatusimulia juu ya thumuni. Alipokuwa mdogo Unguja, sarafu ya senti 50 iliitwa thumuni, na hata huku kwetu wazee wanaikumbuka. Lakini thumuni ni moja ya nane, na senti 50 ni nusu ya shilingi. Inakuwaje nusu ikaitwa moja ya nane? Alimuuliza baba yake, akajibiwa kwamba jina lile lilikuwa la zamani kuliko shilingi. Ilikuwa thumuni ya riale, ile fedha kubwa iliyokuwa ikitumika pwani nzima. Riale iliondoka, jina likabaki kwenye sarafu nyingine. "Kwa hiyo mtu akikutajia sehemu," bibi alisema, "muulize kwanza, sehemu ya nini?"

Swali hilo ndilo lililotufundisha sote wawili. Nusu na thuluthi za mkate mmoja: ukate mkate ule vipande sita, nusu ni vipande vitatu, thuluthi ni viwili, jumla ni vitano kati ya sita. Asili ya sita si kanuni ya mwalimu. Ni ukubwa wa kipande kinachoweza kupima vyote viwili.

Wiki ya pili aliniumbua. Nilimfundisha MAGAZIJUTO, kama kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania alivyoimbishwa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Alilipenda neno, akaliimba jikoni. Kisha akaniletea 10 − 4 + 3. "Dada, JU iko kabla ya TO. Kwa hiyo najumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7. Kumi toa saba, tatu. Mbona jibu la kitabu ni 9?"

Nimelitumia neno hilo tangu darasa la tano na sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilijua jibu ni 9. Sababu sikuwa nayo mdomoni. Nikatoka nje kujifanya naanua nguo, nikarudi na mfano wa duka: una riali 10, umetoa 4, umerudishiwa 3, unazo 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna mkubwa, unakwenda kwa mpangilio wa kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha hali kadhalika. MAGAZIJUTO ni wimbo mzuri wa kukumbushia, lakini unaweza kumpoteza anayeufuata neno kwa neno. Nilimwambia mdogo wangu ukweli kwamba hilo nimelielewa siku ile ile kama yeye.

Kosa lake kubwa, lile lililomwangusha mtihani, lilikuwa la kufuta. Akiona 6 juu na 6 chini, anazikata zote mbili hata kama ile ya juu imejumlishwa au kutolewa kwenye kitu kingine. Nilimweleza mara nne, na mara nne akaelewa mpaka swali linalofuata.

Basi jioni moja tulishuka bandarini na mama mdogo kununua jodari. Tukamkuta jirani yetu mvuvi akigawana na wenzake, nikamuuliza wanagawanaje. Kwanza hutolewa gharama za mafuta na barafu. Kinachobaki, thuluthi ni ya chombo, thuluthi mbili ni za mabaharia sawa kwa sawa. Nilicheka peke yangu. Hata kwetu Tanga wavuvi wana fungu la chombo na fungu la watu, ingawa mafungu hutofautiana.

Usiku tuliiandika. Samaki wameuzwa kwa riali x. Gharama ni 12. Mabaharia ni wanne. Kwa hiyo kila mmoja anapata thuluthi mbili za (x − 12), igawanywe kwa 4. Thuluthi mbili ukizigawa kwa nne ni sudusi moja. Mtajo wetu ukawa (x − 12)/6.

"Rahisisha," nikamwambia.

Akafuta kama kawaida yake. Kumi na mbili kwa sita ni mbili. Jibu: x − 2.

Sikusema kitu. Nilimwambia samaki wa leo waliuzwa riali 84, aweke. Kwa mtajo wa kwanza: 84 toa 12 ni 72, gawa kwa 6, kila baharia 12. Kwa mtajo "uliorahisishwa": 84 toa 2, kila baharia riali 82. Mabaharia wanne, riali 328, kutoka kwenye samaki wa riali 84. Mdogo wangu alicheka mpaka akajifunika mto usoni. Kisha akakaa akasema polepole, "Ile 6 inawagawa wote waliomo ndani ya mabano. Siwezi kumgawia 12 peke yake nikamwacha x." Tukaandika x/6 − 2, tukaijaribu: 84 kwa 6 ni 14, toa 2, ni 12. Hajalirudia kosa lile tena. Na alibaki na desturi nzuri kuliko kanuni: akimaliza kurahisisha, anaweka namba mbele na nyuma aone kama vinalingana.

Kugawanya kwa sehemu kulimhusu bibi moja kwa moja, kwa sababu mimi nilishindwa. "Geuza, zidisha," ndicho nilichofundishwa. "Kwa nini nigeuze?" aliuliza. Sikuwa na jibu. Bibi alisimama, akaleta kopo lake la kibaba, ambalo hadi leo analipimia mchele wa zaka ya fitri: vibaba vinne, yaani pishi moja, kwa kila kichwa. Akatuuliza: una pishi tatu, na kila mgeni anapewa robo tatu ya pishi. Wageni wangapi?

Hilo ni 3 ÷ 3/4. Bibi hakugeuza kitu. Alisema pishi tatu ni vibaba kumi na viwili. Robo tatu ya pishi ni vibaba vitatu. Kumi na mbili kwa mafungu ya tatu tatu, wageni wanne. Nikatazama alichofanya. Kwanza alizidisha kwa 4, ili kila kitu kiwe vibaba. Kisha akagawa kwa 3. Zidisha kwa nne, gawa kwa tatu: hiyo ndiyo 4/3. Ndiyo "geuza" yenyewe. Nimeibeba kanuni ile zaidi ya miaka kumi bila kujua kwamba ndani yake mna kopo la mchele.

Sasa nafika pale ambapo sikutenda haki.

Zilikuwa zimebaki siku tisa nirudi. Mdogo wangu alitaka mfano wa mlinganyo wenye sehemu, "lakini wa kweli, kama wa samaki". Nami, nitakuwa mkweli kwenu, sikuuchagua mfano kwa bahati. Nilimwandikia hivi: mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na watatu wa kike. Mke ana thumuni. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Kila binti anapata sehemu gani?

Alifanya vizuri. Fungu la binti aliliita x, la mwana 2x, mabinti watatu 3x. Akaandika 2x + 3x + 1/8 = 1. Kwa hiyo 5x = 7/8, na x = 7/40. Akapanga kwa asili moja: mke 5/40, mwana 14/40, kila binti 7/40. Akajumlisha kuhakikisha: 5 na 14 na 21 ni 40. Alifurahi. Kisha furaha ikapungua usoni. Alihesabu kwa vidole: mjomba mmoja; mama yake, mama yangu, na mama mdogo aliye Salalah. "Dada," alisema kwa sauti ndogo, "hii ni nyumba yetu?"

Mchele uliacha kulia kwenye ungo.

"Soma tena," bibi alisema. Nikasoma. Sauti yangu haikuwa yangu. "Mafungu arubaini. Mimi matano." Nikasema ndiyo, bibi. "Na mama yako saba." Ndiyo, bibi. "Na yeye ndiye aliyekutuma." Sikujibu, na kutojibu kwangu kulikuwa jibu.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliuweka ungo chini, akauliza: "Wale wavuvi wenu, kabla ya kugawana walitoa nini?"

"Mafuta na barafu," mdogo wangu akasema.

"Na maiti hutolewa nini kabla ya kurithiwa?"

Yeye ndiye aliyejibu, maana shuleni kwao wamesoma: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi.

"Basi mmesahau mabano," bibi alisema.

Tukasikia jambo ambalo hata mama mdogo, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, hakuwa akilijua. Babu alimuoa kwa mahari ya shilingi 600. Alitoa 200. Zile 400 alisema atampa. "Nikamwambia hapana haraka. Tumekaa miaka hamsini na tisa. Hakunipa, wala mimi sikumsamehe. Si kwa chuki, wanangu. Hakuna aliyeniuliza. Siku ya mazishi mjomba wenu alisimama mbele ya watu akasema anayemdai marehemu ajitokeze. Walijitokeza watu wa duka. Mimi nilikuwa ndani nimekaa eda, nani angekuja kuniuliza mimi?"

Shilingi 400 leo Tanga hainunui hata soda. Lakini hakuna kati yetu aliyecheka. Mdogo wangu alichukua kalamu, akaandika upya, bila kuambiwa: (N − d) × 7/40. Bibi akainama kutazama. "Hiyo d ni mimi?" Akajibiwa, "Ndiyo bibi. D ni deni."

Usiku ule nilimpigia mama. Nilimsomea mlinganyo wote, na mabano yake. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. "Mahari?" akasema. "Nami ni mwanawe wa kwanza, sikujua." Hakuniuliza tena habari ya saba ya arubaini.

Ijumaa iliyofuata mjomba alikuja kutoka Muscat, na dada zake wawili wa mbali wakawa kwenye simu. Zile 400 zilithaminiwa vipi, hilo ni lao na si langu kuliandika. Ninachoweza kusema ni kwamba deni lililipwa kwanza, mkononi mwa bibi, mbele ya watoto wake. Kisha mafungu yakaandikwa kwenye karatasi, kila mtu na lake, na wote wakakubali nyumba isiuzwe maadamu yeye yuhai. Shida za mama hazikuisha siku ile. Mjomba ameahidi kumnunua fungu lake kidogo kidogo, na ametimiza mara mbili mpaka sasa. Lakini mama anajua anacho nini, na cha nini.

Niliporudi chuoni nilisoma zaidi kuhusu mtu aliyetupa neno aljebra, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake Baghdad zama za khalifa al-Ma'mun, karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Hakuwa na x. Aliandika kwa maneno matupu, na namba isiyojulikana mara nyingi aliiita "kitu" tu. Nilifurahi kuona kwamba mlinganyo wetu wa Qurayyat haukuwa mchezo wa watoto wenye joto. Aljebra ililelewa katika maswali kama yale, ya nani apate nini, baada ya nini kutolewa.

Ndugu zangu wa chama, na walimu wetu, kila mwaka tunajadiliana kama Kiswahili kinaweza kufundishia hisabati. Mimi sina nadharia ya kuongeza. Nimeona tu kwamba istilahi peke yake haikutosha. Kiasi na asili nilikuwa nazo tangu utotoni, na sikujua zinasema nini. Kilichotosha ni pishi, kibaba, thumuni, fungu la chombo, yaani maneno ambayo tayari yalikuwa yanahesabu kabla hatujayaita hisabati. Tukitunga vitabu, tukaanzie huko.

Mtihani ulikuwa katikati ya mwezi wa tisa. Nilikuwa darasani simu ilipotikisika. Mdogo wangu hakuandika alama, aliandika hivi: "Dada, swali la tano lilikuwa na 6 juu na 6 chini. Juu kulikuwa na alama ya kujumlisha. Sikufuta."